Bei ya Alhamisi: Serikali Ikikopa, Kawangware Hulipa Nini?

Kama uko ndani ya matatu ya 46 ukirudi Kawangware, au umekaa nyuma ya meza yako ya nyanya pale Makina huku redio ikiwa juu ya kreti, karibu. Dakika hizi chache ni za kuzungumza habari za pesa, na leo ni pesa kubwa: pesa ambazo serikali hukopa.

Kila tarehe 14 ya mwezi, Wakenya hutega sikio. Jioni hiyo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza bei mpya ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, na kabla ya saa sita usiku mtu wa boda boda ameshajua siku ya kesho itakuwaje. Bei hiyo haihitaji kufafanuliwa na mtaalamu. Tunaisikia, tunaguna, tunapanga. Lakini kuna bei nyingine inayotoka kila wiki, siku ya Alhamisi, na sijawahi kuisikia ikibishaniwa kwenye steji ya Congo wala kwenye mikutano ya Kamukunji kule Kibera. Ni bei ambayo serikali ya Kenya hulipa ili ikopeshwe. Vyombo vya habari huisoma haraka haraka, kati ya matokeo ya ligi na hali ya hewa, kwa lugha ya watu wa benki wa Upper Hill. Matokeo yake, tumeamini kwamba ni habari yao.

Mimi nashikilia kwamba ni habari yako kuliko yao. Mtu wa benki hulipwa bei hiyo. Anayeilipa ni wewe.

Tuanze na jinsi mambo yanavyofanyika. Serikali hukusanya kodi, na kodi haitoshi matumizi. Pengo linalobaki hujazwa kwa mikopo, mingine ya kutoka nje na mingine ya humu humu nchini. Mikopo ya ndani hupatikana kwa mnada, na anayeuendesha kwa niaba ya Hazina ya Kitaifa ni Benki Kuu ya Kenya. Zinauzwa hati za aina mbili. Kuna hati za muda mfupi, za siku 91, siku 182 na siku 364, ambazo mnada wake ni kila wiki. Kisha kuna hatifungani, au bondi kama tunavyoziita, za miaka miwili na kuendelea, nyingine zikifika miaka 30.

Hati ya siku 91 ni rahisi kuielewa. Serikali inakuahidi shilingi 100,000 baada ya miezi mitatu. Swali ni moja tu: leo utaipa ngapi kwa ahadi hiyo? Ukiipa 98,000 na kidogo, maana yake umekubali faida ya kama asilimia 8 kwa mwaka. Ukikataa kutoa zaidi ya 96,200 hivi, unadai asilimia 16. Ahadi ni ile ile, siku ni zile zile 91. Kilichobadilika ni mashaka yako, na mashaka hayo yameshaandikwa kwa shilingi.

Bondi ya miaka mingi ina jambo moja la ziada linalowachanganya watu, kwa hivyo nisikilize hapa. Riba yake huandikwa siku inapouzwa na haibadiliki. Lakini mwenye bondi anaweza kumwuzia mtu mwingine kabla ya muda wake kwisha, na bei ya kuiuza ndiyo hupanda na kushuka. Tuseme una bondi ya shilingi 100 yenye riba ya asilimia 10, imebakiza mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka italipa 110. Sasa serikali inaanza kuuza bondi mpya zenye asilimia 18. Nani atakupa 100 kwa yako? Hakuna. Utaishusha hadi 93, ndipo mnunuzi naye apate asilimia zake 18. Kwa hivyo ukisikia kwamba faida ya bondi imepanda, elewa kwamba bei ya bondi zilizoko sokoni imeanguka: waliokwisha kuikopesha serikali wanazitupa kwa hasara, na wapya hawakubali kukopesha ila kwa malipo makubwa.

Mtu wa chama cha kuweka na kukopa ameshaelewa haya bila mimi kumfundisha. Kwenye chama cha akina mama pale Gatina, mwanachama anayerudisha kwa wakati hukopa 10,000 na kuongeza 500. Yule anayejulikana kwa kuzima simu mwisho wa mwezi, akipewa, ataongeza 1,500. Hakuna aliyesimama kumtukana. Bei ndiyo iliyosema. Na serikali, kwa ukubwa wake wote na king'ora chake, kila Alhamisi huketi kwenye mkeka kama wa chama hicho kusubiri iambiwe bei.

Basi bei hiyo hueleza nini kuhusu uchumi? Hueleza mambo matatu, na nitayataja moja moja.

La kwanza ni bei za vitu. Anayekopesha shilingi leo anataka arudishiwe shilingi itakayonunua unga ule ule, au zaidi. Kama anahofia bei zitapanda kwa asilimia 10, hakubali faida ya asilimia 8, maana atakuwa amejiibia mwenyewe. La pili ni shilingi na dola. Tajiri anaweza kuweka pesa zake katika dola, na akiona shilingi inateremka, atahamia huko mpaka serikali imbembeleze kwa malipo makubwa. Kumbuka pia kwamba Marekani nayo hukopa. Benki kuu yake ilipandisha riba kutoka karibu sufuri mapema mwaka 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023. Anayepata asilimia 5 kwa dola na kulala usingizi, kwa nini aje Nairobi kwa kidogo? La tatu ni njaa ya serikali yenyewe. Anayehitaji pesa leo, na asiye na pa kwenda, hawezi kujadili bei. Wanaoketi upande wa pili wa mnada wanajua tarehe zake za kulipa madeni kama mwenye nyumba anavyoijua tarehe tano ya mwezi.

Kenya imeyapitia yote matatu, tena zaidi ya mara moja. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1993. Uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika Desemba 1992, wafadhili walikuwa wamefunga mifereji ya misaada tangu mwisho wa 1991, pesa zilichapishwa kwa wingi, na sakata ya ufisadi ya Goldenberg ilikuwa ikiitafuna hazina. Bei za bidhaa mwaka huo zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Serikali ilipoanza kuzifyonza zile shilingi zilizozagaa, hati za siku 91 zilipita asilimia 70 kwa mwaka. Hebu lipime hilo. Kama kulaza pesa kwenye hati ya serikali kunakupa asilimia 70, ni mwendawazimu gani atakayefungua karakana na kuajiri vijana wanane? Mwaka 2011 shilingi iliporomoka tena, mfumko wa bei ukakaribia asilimia 20, na Benki Kuu ikapandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 18. Oktoba 2015, hati za siku 91 zilipita asilimia 20. Kila mara hadithi ilikuwa na wahusika wengine, lakini bei ya Alhamisi ilipiga kengele.

Sasa tuje karibu, mapema mwaka 2024.

Miaka kumi kabla yake, Juni 2014, Kenya iliingia soko la nje la bondi kwa mara ya kwanza na kukopa dola bilioni 2 kwa bondi mbili. Ile kubwa, ya miaka kumi, ilikuwa na riba ya asilimia 6.875. Desemba mwaka huo tukaongeza, na deni la ile ya miaka kumi likafika dola bilioni 2 peke yake. Siku ya kulilipa ilikuwa Juni 2024. Kufikia Januari ya mwaka huo, dunia nzima ilikuwa inauliza: hawa watalipa kweli? Dola moja ilikuwa imefika kama shilingi 160. Hati za siku 91 zilikuwa zimepita asilimia 16, ilhali mfumko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 7. Ondoa saba kwenye kumi na sita: mkopeshaji alikuwa anabaki na faida halisi ya karibu asilimia 9. Hiyo haikuwa hofu ya bei ya unga. Ilikuwa hofu ya serikali yenyewe.

Februari ukawa mwezi wa kulipia hofu hiyo. Serikali ilirudi kwenye soko la nje na kukopa dola bilioni 1.5 ili inunue sehemu kubwa ya lile deni la zamani kabla ya tarehe yake. Safari hii wakopeshaji walidai faida ya zaidi ya asilimia 10, kwa dola. Mwezi huo huo, humu nchini, ikauzwa bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Serikali iliomba shilingi bilioni 70. Zikaja zabuni za zaidi ya bilioni 288. Ikachukua karibu bilioni 241, kwa riba ya asilimia 18.46, tena bila kodi.

Magazeti yaliandika kwamba bondi ilifanikiwa mno, na kwa namna fulani ni kweli. Wageni walileta dola zao kuja kuvuna, shilingi ikasimama, na kufikia Aprili dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Mafuta ya taa, ambayo Oktoba 2023 yaliuzwa hapa Nairobi kwa shilingi 205 lita, Oktoba 2024 yalikuwa 151. Bei ya mafuta duniani nayo ilisaidia, lakini nguvu ya shilingi ilikuwa na mchango wake, na mama wa Gatwekera anayenunua mafuta ya kupima aliuona mchango huo kwenye jiko lake bila kusikia neno bondi.

Lakini tuulize na bei yake. Asilimia 18.46 ya bilioni 241 ni zaidi ya bilioni 44 kwa mwaka. Kwa siku ni zaidi ya shilingi milioni 120, Jumapili na sikukuu pia, kwa bondi hiyo moja tu. Na hiyo ni moja kati ya nyingi. Katika bajeti ya mwaka wa fedha wa 2024/2025, malipo ya riba peke yake, bila kugusa mkopo wenyewe, yalikadiriwa kufikia kama shilingi trilioni moja.

Trilioni hiyo hutoka wapi? Hutoka kwenye sabuni, kwenye kifurushi cha simu, kwenye ushuru wa kutuma pesa. Mtu wa Laini Saba anaweza kuwa hana hata karatasi ya mshahara, lakini kila anaponunua kipande cha sabuni amechangia riba. Na pale Hazina ilipotafuta njia mpya za kukusanya, ikaja na Mswada wa Fedha wa 2024. Tunajua kilichofuata. Tarehe 25 Juni vijana waliingia Bunge, watu wakafa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatautia saini. Julai, kampuni ya Moody's, inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikaishusha Kenya daraja. Wenye bondi walikuwa wanasoma mitaa yetu, kwa sababu mapato ya serikali hatimaye hupatikana au hukosekana kwenye mitaa hiyo. Ni ajabu basi kwamba wao wanaisoma Kibera kwa makini, na Kibera haiwasomi wao.

Msikilizaji, kuna madhara mengine ya bei hii, na haya hayaonekani kwenye bajeti.

Chukua fundi wa samani anayeishi Kawangware na kufanya kazi kando ya Ngong Road. Anatengeneza vitanda, makabati na viti, na kazi yake ni safi. Anataka shilingi 200,000 anunue mashine ya kuranda mbao ili aache kuranda kwa mkono. Tuseme ni mapema mwaka 2024, na anakwenda benki. Afisa wa mikopo ni mtu mwungwana, lakini mbele yake kuna hesabu. Serikali inaipa benki asilimia 17 au 18, haihami nyumba usiku, na haihitaji kufuatiliwa. Fundi hana hati ya shamba ya kuweka rehani. Chumba ni cha kupanga, na kibanda kiko kando ya barabara ambapo wakati wowote tingatinga laweza kupita. Kule Kibera hali ni hiyo hiyo: sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, na hata Wanubi, waliokabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017, wana hati ya jamii nzima ambayo mtu mmoja hawezi kuipeleka benki. Ili benki imkopeshe fundi badala ya serikali, ingebidi imtoze asilimia 25 au zaidi. Kwa hivyo afisa anamwambia atapigiwa simu, na simu haipigwi.

Serikali haikumfukuza fundi benki. Ilifika kwenye foleni mbele yake tu, na ikanunua pesa zote zilizokuwepo.

Mwaka 2016 Bunge lilijaribu kulitibu jambo hili kwa sheria. Kuanzia Septemba mwaka huo benki zilizuiwa kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Wengi tulishangilia. Lakini sheria iliizuia benki kupandisha bei, haikuilazimisha kumkopesha fundi. Benki zikafanya ambacho mfanyabiashara yeyote angefanya: zikawaacha wadogo na kujaza makabati hati za serikali. Sheria ikaondolewa Novemba 2019. Somo ni kwamba huwezi kuipunguza bei ya pesa mtaani kama mnunuzi mkubwa kuliko wote bado anaigombania juu.

Je, mtu wa kawaida hawezi naye kuikopesha serikali, aile hiyo riba? Swali zuri. Kwanza, wengi mnaikopesha tayari bila kujua. Askari wa mlango anayetoka Kawangware kwa miguu kwenda kulinda nyumba za Lavington hukatwa pesa za mfuko wa pensheni wa NSSF kila mwezi. Benki ndizo zenye fungu kubwa la deni la ndani, na nyuma yao ni mifuko ya pensheni kama huo. Kwa hivyo askari huyo ni mkopeshaji wa serikali kwenye karatasi yake ya mshahara na mlipaji wa riba hiyo kwenye duka la jirani.

Pili, mwaka 2017 serikali ilileta bondi iliyokusudiwa watu wetu hasa. Iliitwa M-Akiba. Ilizinduliwa Machi 23, ikinunuliwa kwa simu, na kiwango cha chini kilikuwa shilingi 3,000. Riba yake ilikuwa asilimia 10 kwa mwaka, bila kodi, kwa miaka mitatu. Awamu ya kwanza, ya milioni 150, ilinunuliwa yote. Ndipo serikali ikarudi katikati ya mwaka kutafuta shilingi bilioni moja, na ikapata kama robo yake tu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na matangazo hayakufika mbali. Wako waliosema kwamba maskini hana utamaduni wa kuweka akiba.

Hilo nalikataa, na hesabu ndiyo inayonisaidia. Shilingi 3,000 kwenye M-Akiba zilileta shilingi 300 kwa mwaka mzima, zikilipwa 150 kila miezi sita. Sasa chukua mtu wa mtaa huo huo aliyekopa 3,000 kwa simu. Mkopo wa M-Shwari, ulioanza Novemba 2012, ulikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Asilimia 7.5 ya 3,000 ni shilingi 225. Kwa mwezi! Yaani serikali ilimwomba mama mboga 3,000 kwa shilingi 300 za mwaka, na mama huyo huyo akihitaji 3,000 alipe 225 kabla mwezi haujaisha. Mwenye akili gani atafunga mtaji wake miaka mitatu kwa bei ya kwanza, halafu akopee mboga za kesho kwa bei ya pili? Mama mboga hakushindwa kuelewa bondi. Aliielewa vizuri kuliko walioibuni.

Siku hizi Benki Kuu ina mfumo wake wa kununulia hati kwa simu, DhowCSD, ulioanza mwaka 2023. Ni mfumo mzuri, lakini kuanzia kwake ni shilingi 50,000. Chama kilichosajiliwa kinaweza kuufikiria. Mtu mmoja wa Soweto au Kianda bado yuko mbali.

Na upande wa serikali kukopesha? Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 30, 2022, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Wakati huo hati za siku 91 zilikuwa kama asilimia 9. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye serikali ilikuwa inakopa kwa zaidi ya asilimia 16 na bado inakopesha kwa 8. Tofauti hiyo hulipwa na mtu, na mtu huyo anaitwa mlipa kodi. Sisemi kwamba mwananchi asionewe huruma. Nasema huruma nayo ina hesabu yake, na mkopo wa shilingi 500 au 1,000 hautanunua mashine ya kuranda mbao hata ukiwa wa bure.

Hebu sasa tutazame upande wa nafuu, maana upo. Kuanzia katikati ya 2024 bei ya Alhamisi iliteremka sana. Benki Kuu chini ya Gavana Kamau Thugge ilianza kupunguza riba yake Agosti mwaka huo, kutoka asilimia 13, na Oktoba 2025 ikafika 9.25. Hati za siku 91 zilikuwa kama asilimia 8 katikati ya 2025. Mfumko wa bei ulishuka chini ya asilimia 3 Oktoba 2024 na mwaka 2025 ukabaki karibu na 4. Mwezi Agosti 2025 kampuni ya S&P ilitupandisha daraja. Kwa hati za siku 91, serikali ilikuwa sasa inakopa kwa nusu ya bei ya mapema 2024.

Je, nusu hiyo imefika Kawangware? Imefika kwa kutambaa. Mwisho wa 2024 mikopo ya benki kwa sekta ya kibinafsi ilikuwa inapungua badala ya kukua, na wastani wa riba zake ulikuwa kama asilimia 17. Mwaka mzima baadaye ulikuwa umeteremka hadi 15 hivi. Hati za siku 91 zilishuka kwa pointi nane tangu mapema 2024, mikopo ya wananchi kwa mbili tangu mwisho wa mwaka huo. Na mkopo wa simu haufuati mnada wa Alhamisi kabisa, ukipanda au ukishuka. Bei ikipanda juu, mitaa yetu huambiwa ivumilie. Ikishuka, tunaambiwa tusubiri.

Ndiyo maana nasema tuanze kuisikiliza. Huhitaji shahada. Alhamisi ukisikia habari za mnada, shika mambo matatu. Kwanza, hati za siku 91 ni asilimia ngapi, na mfumko wa bei ni ngapi? Pengo likizidi kupanuka, kuna jambo wakopeshaji wanaliogopa. Pili, serikali iliomba kiasi gani, na imechukua kiasi gani? Ikichukua kupita ilichoomba, mwezi baada ya mwezi, njaa imeingia nyumbani. Tatu, benki yako inakutoza ngapi ukilinganisha na inavyoitoza serikali? Hilo la tatu ulize kwa sauti, kwenye dirisha la benki na kwenye SACCO yako, kwa sababu serikali ikikopa kwa 8 na wewe kwa 15 au zaidi, kuna anayekula katikati.

Agosti 2027 tutapiga kura. Watakuja Kibera na Kawangware, watasimama juu ya magari, wataahidi barabara, hospitali, stima na maji. Yote hayo hujengwa kwa pesa, na nyingi zitakopwa. Mwaka 1993 ulitufunza kwamba ahadi za kampeni huletewa bili baada ya kura, na bili hiyo huonekana dukani na kwenye mnada wa hati za serikali pia. Kwa hivyo mgombea akimaliza orodha yake, muulize swali ambalo hajazoea kuulizwa kwenye mitaa hii: utakopa ngapi, kwa asilimia ngapi, na fundi wetu atabakishiwa nini benki? Akikosa jibu, umeshapata la kupigia kura.

Mimi niishie hapo kwa leo. Kama chama chenu kimewahi kununua bondi, au kimewahi kujaribu kikarudishwa, tuandikieni mtueleze ilivyokuwa; tutayasoma maoni yenu katika kipindi kijacho.